Hana imani, au haamini?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya kikao cha watafsiri na wakalimani. Waliokosa kufika waliniomba niiweke yote, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, walimu wangu mliokaa mbele, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa uhaba wa viti, nawasalimu.

Kabla sijasema lolote, kila mmoja achukue kikaratasi. Andika jina moja tu la Kiswahili: mtu ambaye haamini kwamba Mungu yupo anaitwaje? Usimwulize jirani yako. Andika lile lililokujia kwanza.

Mmeandika? Aliyeandika "kafiri" anyooshe mkono. Ahsanteni. "Mpagani"? "Mkana Mungu"? Naona ninyi ndio wengi. "Asiye na dini"? "Asiye na imani"? Na huyu dada hapa mbele amenirudishia kikaratasi kitupu. Dada, kitunze hicho, tutakihitaji.

Ndugu zangu, majina mliyoandika hayasemi jambo moja. Kila moja linasema lake, na karibu yote yamekwisha kumhukumu mtu huyo kabla hajafungua kinywa. Hilo ndilo lililonileta. Mimi ni mtu wa kusali, na wanaonijua wanajua nasali wapi. Sikuja kuutetea msimamo wa asiyeamini. Nimekuja kulitetea neno lake, kwa sababu kazi yetu sisi ni kubeba maneno ya watu, na mwenye kubeba mzigo wa mwenzake hana ruhusa ya kuufungua njiani akatia vyake.

Nami niliwahi kutia vyangu. Acheni niwaeleze.

Nilikuwa kijana, miaka yangu ya mwanzo katika ukalimani. Mgeni mmoja kutoka Ulaya alikuja kuposa binti wa watu. Aliongozana na mshenga, na mimi nikaitwa niwe mdomo wake na sikio lake. Tulikaa chini kwenye mkeka, wazee upande mmoja, sisi upande wa pili. Bibi yake binti alikaa pembeni karibu na mlango, amenyoosha mguu mmoja kwa sababu goti lilikuwa limevimba. Asubuhi ile ile huyo mgeni alikuwa amemshika bibi mkono kutoka chumbani hadi ukumbini, hatua kwa hatua, akimngoja kila aliposimama kuvuta pumzi. Niliyaona hayo kwa macho yangu.

Mazungumzo yakaenda vizuri mpaka baba wa binti alipouliza, "Kijana ni wa dini gani?" Mgeni akajibu kwa lugha yake, taratibu, kwa heshima, kwamba yeye haamini kuwa kuna Mungu, na kwamba hapendi kuwaficha. Mimi nikamgeukia mzee nikasema, "Mzee, huyu hana imani."

Ukumbi ukanyamaza. Kisha bibi akasema, bila kumtazama mtu, "Asiye na imani, mjukuu wangu akiugua atamfanya nini?"

Mmelisikia swali hilo? Bibi hakuuliza habari za Mungu. Aliuliza habari za huruma. Kwa nini? Kwa sababu hicho ndicho nilichomwambia. Nilimwambia kwamba mtu huyu ni katili.

Nitarudi kwa bibi. Kwanza tulifungue neno lenyewe.

"Imani" tulilipokea kutoka Kiarabu, likaja na jamaa zake wote: amini, amani, amana, muumini, uaminifu, na ile "amina" tunayomalizia dua. Mzizi ni mmoja, na ndani yake mna usalama, mna kutegemea, mna kuweka kitu mikononi mwa mtu ukalala usingizi. Lakini lilipofika kwetu, imani ilifanya jambo la ajabu. Iliingia moyoni ikakaa na huruma. Tunasema "mwonee imani mtoto wa mwenzio." Tunasema "lile jitu halina imani hata kidogo, limempiga punda mpaka ameanguka." Je, punda na kusali wapi na wapi? Hapo imani ni kule kuumia kwa maumivu ya mwingine. Halafu nenda bungeni, utakuta kura ya kutokuwa na imani. Je, wabunge wanapigia kura dini ya waziri mkuu? Wanasema hawamtegemei tena.

Kwa hiyo neno letu moja lina vyumba vitatu: kuamini, kutegemea, kuhurumia. Ukisema "hana imani" bila kuongeza kitu, msikilizaji ataingia chumba gani? Ataingia kile anachokitumia kila siku, na katika nyumba nyingi hicho ni cha huruma. Mgeni wangu alikuwa chumba cha kwanza. Mimi nikamtupa cha tatu, nikafunga mlango.

Wengine wenu mtasema, basi tuandike "aliyekosa imani". Angalieni hapo pia. Katika Kiswahili, kukosa ni kutokuwa na kitu, na kukosa ni kutenda kosa. Mtoto aliyekosa chakula na mtoto aliyekosa adabu mbele ya mkubwa wanashiriki kitenzi kimoja. "Amekosa imani" linasikika kama mtu aliyepoteza kitu kwa uzembe wake, naye aombe radhi. Labda kweli alikuwa nayo akaipoteza, na inamuuma. Akisema hivyo mwenyewe, andika. Lakini yule ambaye hakuwahi kuwa nayo, utasemaje ameikosa?

Sasa wale wa "kafiri". Sitawalaumu, kwa kuwa neno lina heshima yake katika elimu ya dini, na wenye elimu hiyo wanalijua vizuri kuliko mimi. Lakini tazameni lilikotoka. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kufunika. Katika Qurani, sura ya 57, aya ya 20, neno la mzizi huo huo limetumika, na wafasiri wengi wanaeleza kwamba hapo ni wakulima, kwa sababu mkulima huifunika mbegu kwa udongo. Kafiri ni yule aliyeifunika kweli baada ya kuiona. Na kafara, ile tunayoitoa, imetoka mzizi huo huo, kwa sababu hufunika dhambi. Kwa hiyo kafiri ana shitaka lake mahususi: alionyeshwa, akafunika. Yule mgeni pale mkekani anakana kwamba aliwahi kuonyeshwa. Anaweza kuwa amekosea, lakini ndivyo anavyosema, na wewe umelipwa useme anavyosema yeye.

Na neno hili lilisafiri. Lilishuka na wafanyabiashara pwani ya mashariki ya Afrika, Wareno wakalichukua, Waholanzi na Waingereza wakalipokea, na huko kusini likawa jina la mtu mweusi, awe anasali au hasali. Mchungaji mweusi aliyehubiri kila Jumapili aliitwa kafiri na mlevi wa kizungu ambaye hakuwa amekanyaga kanisa tangu abatizwe. Mwaka 2018 mahakama ya Afrika Kusini ilimhukumu mwanamke mmoja kifungo cha miaka 3, mmoja ukiwa umeahirishwa, kwa kuwatukana polisi weusi na wapokea simu za dharura kwa neno hilo mara 48. Neno lililoanza kwa mkulima na mbegu lilifika huko.

Na bado wazee wetu wa pwani, waliolijua neno hili kwa maana yake ya dini, walituachia methali hii: kafiri akufaaye si Islamu asiyekufaa. Waliotunga hilo walikuwa waumini. Hawakusema ukafiri ni mzuri. Walisema ukimtafuta mtu wa kukufaa, tazama mikono yake.

Kuna jingine ambalo wengi hatujui kwamba ni la ukoo huu: mzandiki. Kwetu mzandiki ni mnafiki, mwongo mwenye sura mbili. Kwa Kiarabu zindiki alikuwa mtu wa imani iliyopotoka. Walianza kuitwa hivyo wafuasi wa Mani, mwanzilishi wa dini moja ya kale ya Uajemi, kisha likawaangukia hata wenye kutilia shaka dini. Neno likavuka bahari, likatua kwetu, na njiani lile la imani likadondoka. Kilichobaki ni uongo. Mtu alitilia shaka, na leo jina lake ni la wadanganyifu. Je, si jambo la kutufikirisha sisi wenye kazi hii?

Nije kwa wengi wenu, mlioandika "mkana Mungu". Kamusi inalo, magazeti yanalo, na nakubali kwamba kuna watu linawafaa. Lakini kukana ni nini? Petro alimkana Yesu mara tatu kabla jogoo hajawika. Je, Petro hakumjua? Alimjua vizuri sana, alikula naye. Ndiyo maana lilikuwa kukana, na ndiyo maana alitoka nje akalia. Mtu hukana deni analodaiwa, hukana mtoto, hukana saini yake. Katika kukana kwa namna hiyo, sisi tunaosikia tunashuku kwamba ukweli uko upande wa pili. Kwa hiyo ukiandika "mkana Mungu" umeshasema mambo mawili: kwamba Mungu yupo, na kwamba mtu huyu anajua. La kwanza mimi naliamini kwa moyo wote. Lakini si la kumtia mdomoni mtu ambaye hakulisema.

"Mpagani" nalipitia haraka. Limetoka Kilatini, kwa watu wa shamba, na wamisionari walilitumia kwa babu zetu waliokuwa wakimwomba Mungu, wakitambika, wakiapa, wakiogopa laana. Hao walikuwa wanaamini. Kumwita asiyeamini mpagani ni kumpa jina la mtu aliyeamini sana.

Ndugu zangu, msidhani ni lugha yetu tu iliyofanya haya. Wagiriki walikuwa na neno "atheos", yaani asiye na mungu. Mwaka 399 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Socrates alishitakiwa huko Athens kwamba hawatambui miungu ya mji na kwamba analeta mambo mapya ya kiroho. Akamwuliza mshitaki wake: unasema mimi siamini miungu ya mji, au unasema siamini mungu yeyote? Mshitaki akasema, huamini mungu yeyote. Socrates akamwonyesha kwamba huwezi kumshitaki mtu kwa kuleta mambo ya kiroho na papo hapo ukasema haamini lolote. Alishinda hoja, akahukumiwa kifo.

Zaidi ya miaka 500 baadaye, katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, mzee mmoja askofu, Polikarpo, aliletwa uwanjani mbele ya umati. Wakristo wakati huo ndio walioitwa wasio na mungu. Mnashangaa? Hawakuwa na sanamu, hawakuitolea sadaka miungu ya dola, basi machoni pa watu hawakuwa na mungu. Liwali akamwonea huruma uzee wake. Akamwambia, apa kwa Kaisari, useme, "Waondoke wasio na mungu," nasi tutakuachia. Mzee akaugeukia ule umati uliojaa uwanjani, akawapungia mkono, akapiga kite, akainua macho mbinguni, akasema: "Waondoke wasio na mungu."

Alisema neno lile lile aliloamriwa, herufi kwa herufi. Nani asiye na mungu hapo? Inategemea ni nani anayesema, na amegeukia wapi. Mkristo mwenye kuandika "mkana Mungu" kwa hasira akumbuke kwamba mababu zake katika imani waliuawa kwa jina hilo hilo.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye sarufi, kwa kuwa hapa ndipo Kiswahili chetu kina utajiri. Sikilizeni sentensi hizi. "Siamini kwamba Mungu yupo." "Naamini kwamba Mungu hayupo." Je, ni kitu kimoja? Katika ya kwanza ukanusho uko juu ya kuamini: kuna imani ambayo mimi sinayo. Katika ya pili ukanusho uko juu ya Mungu, na mimi ninayo imani, tena imara, kwamba hayupo. Mtoto mchanga ni wa sentensi ya kwanza na hawezi kuwa wa pili. Wanaojiita ateisti, jina lililotokana na lile "atheos" la Wagiriki, wamebishana miaka mingi neno lao liwe lipi kati ya hayo mawili, na kila upande una vitabu. Sisi hatuhitaji kuamua ugomvi wao. Tunahitaji kusikiliza "si" imekaa wapi, na kuiweka pale pale.

Kuna sentensi ya tatu: "Sijui kama yupo." Mwaka 1869 mwanasayansi Mwingereza, Thomas Henry Huxley, alikuwa katika chama cha mijadala huko London ambamo kila mtu alikuwa na jina la msimamo wake, yeye hana. Akajitungia: agnostiki, asiyejua, kutoka neno la Kigiriki la maarifa. Yeye alikuwa anazungumzia kujua. Mwenzake anazungumzia kuamini. Mtu anaweza kusema yote mawili kwa pumzi moja: sijui, na siamini. Mwingine atasema: sijui, ila naamini. Naomba msiwaweke wote kwenye chungu kimoja kwa sababu wote hawakuja ibadani.

Na ya nne, ambayo lugha nyingi hazina jinsi ya kuisema kwa silabi moja: "simwamini." Wekeni hiyo "m". Kuamini kwamba fulani yupo ni jambo moja. Kumwamini fulani ni jambo jingine. Waraka wa Yakobo unasema hata mashetani wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Nimewahi kukaa na mama aliyezika watoto wawili katika mwezi mmoja. Aliniambia, "Najua yupo. Simwamini tena." Je, huyo ni kafiri? Ni mkana Mungu? Silabi yake moja ilibeba msiba wote. Ukiitafsiri bila hiyo "m", umemzika mtoto wa tatu.

Mtaniuliza, haya ni ya maneno tu, yana madhara gani? Yana madhara mahakamani, yana madhara kwenye hesabu za nchi. Mwaka 1689 John Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyeandika kuhusu kuvumiliana kwa dini, aliwaweka nje wale wanaokana kuwepo kwa Mungu, kwa hoja kwamba ahadi, mapatano na viapo haviwezi kuwashika. Yaani asiyeamini haaminiki. Mnauona ule mzizi wetu wa amana ukifanya kazi hata ambako Kiswahili hakijafika? Mwaka 1880 watu wa Northampton, Uingereza, walimchagua Charles Bradlaugh kuwa mbunge. Hakuamini, akaomba athibitishe, yaani aahidi bila kumtaja Mungu, badala ya kuapa. Akakataliwa. Akasema basi nitaapa. Akakataliwa tena, kwa kuwa kiapo cha asiyeamini si kiapo. Wakamfungia usiku mmoja katika mnara wa saa wa Bunge. Wapiga kura wake wakamrudisha tena na tena, mpaka akakaa kitini mwaka 1886, na mwaka 1888 sheria ikaruhusu kuthibitisha. Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaweka kuapa na kuthibitisha pamoja, na mwenye kuthibitisha huyaacha maneno ya kumwomba Mungu amsaidie.

Kenya hiyo hiyo, katika sensa ya mwaka 2019, ilihesabu watu 755,750 kwenye mstari mmoja uliounganisha wasio na dini na ateisti. Mstari mmoja! Mzee anayemwomba Mungu peke yake kwenye kibaraza chake na hataki dhehebu lolote, na binti wa chuo aliyefikia uamuzi kwamba mbinguni hamna mtu, wamekaa kiti kimoja. Mimi na wewe tukisoma namba hiyo, tutajuaje wangapi hawaamini? Hatutajua, kwa sababu ya alama moja ya mkwaju (/) iliyowekwa kati ya "wasio na dini" na "ateisti". Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu mwaka 1967, kwa hiyo huko hata mstari wa kukosoa hatuna.

Sasa, dada wa kikaratasi kitupu, kisimamishe wakione. Hakuandika jina. Mimi nadhani alifanya sawa. Mtu huyu hahitaji jina, anahitaji kitenzi: haamini kwamba Mungu yupo. Ni maneno manne, marefu kuliko "kafiri", yatakugharimu nusu ya mstari. Ukilazimika kufupisha, andika "asiyeamini", ingawa hata hilo lina shida kidogo, maana masikio yetu yamelelewa na methali. Asiyesikia la mkuu. Asiyefunzwa na mamaye. Tukisikia "asiye" tunangoja adhabu katika nusu ya pili. Na mtu akijiita mwenyewe ateisti, mwachie ateisti wake. Akijiita mkana Mungu kwa kujivunia, mwandikie hivyo. Jina alilojipa ni lake. Nalipigania lile tunalompa sisi.

Nilisema nitarudi kwa bibi.

Ukumbi ulikuwa kimya, na mgeni ananitazama, hajui nimemfanya nini. Nilisikia masikio yananichoma. Mkalimani hufundishwa asiingilie mazungumzo, lakini niliinua mkono nikasema, "Bibi, naomba radhi. Mimi ndiye niliyekosea. Hakusema hana imani. Amesema haamini kwamba Mungu yupo. Habari ya huruma hakuigusa."

Bibi akalipima hilo. Baba wa binti alitaka kusema, bibi akamzuia kwa kiganja. Akamtazama yule mgeni kwa mara ya kwanza tangu tukae, kisha akanitazama mimi.

"Mwulize," akasema. "Siku ya kuahidi, ataapa kwa nani?"

Nikauliza, neno kwa neno. Mgeni akafikiri kitambo, akajibu. Nikamgeukia bibi nikasema, "Anasema atampa ahadi mbele ya mama yake."

"Mama yake yu hai?"

"Yu hai."

Bibi akauvuta ule mguu wenye goti bovu, akajiweka sawa. "Basi mpigieni simu," akasema, "nizungumze naye."